Mizani ya kupimia tela la kambi Arusha na Moshi: ipi inasema kweli?

Mwenye tela la kambi Arusha ana njia tatu za kulipima kabla halijatoka mjini. Anaweza kulipeleka kwenye mzani wa magari, ule ule unaopima malori ya mahindi na kokoto. Anaweza kumtafuta fundi mwenye pedi za kuweka chini ya tairi. Au anaweza kuazima mzani wa magunia sokoni. Tumezilinganisha zote tatu kwa swali moja: ukishapima, namba uliyopewa inatosha kukupandisha ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, na kukushusha upande wa pili wa Ngorongoro hadi tambarare za Serengeti? Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Na ile ya bei rahisi kuliko zote ndiyo inayopima kitu ambacho wengi hawakipimi kabisa.

Namba za kushika kabla ya kwenda kupima

Fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Hapo utakuta uzito wa juu wa gari likiwa na kila kitu, na mara nyingi uzito wa juu wa ekseli ya mbele na wa ekseli ya nyuma. Uwezo wa kuvuta, pamoja na uzito wa juu wa gari na tela vikiwa pamoja, viko kwenye kitabu cha gari. Uwezo wa ndoano umegongwa kwenye kibati cha ndoano yenyewe. Katika hizo zote, namba ndogo ndiyo yako. Gari linaloruhusiwa kuvuta kilo 3,500 likifungwa ndoano ya kilo 1,500, ni gari la kuvuta kilo 1,500. Ndoano iliyochomelewa gereji bila kibati haina namba yoyote, na hakuna mzani utakaokuambia itakatika lini.

Angalia pia kama tela lina breki zake. Watengenezaji wengi huandika kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki, hata kama gari lao linavuta tani tatu na nusu. Tela la ekseli moja lenye hema la juu, friji, jiko na tenki la maji hupita kilo 750 kabla hujaweka hata mfuko wa mchele.

Neno moja kuhusu magari ya safari yaliyokatwa chesisi na kurefushwa, kwa sababu mji huu umejaa hayo. Bodi imeongezeka, viti vimeongezeka, paa la kufunguka limeongezeka, ila kibandiko cha mlangoni ni kile kile cha kiwandani. Fundi akiongeza bamba moja la springi, gari linanyanyuka nyuma na mwenye gari anaamini uwezo umepanda. Haujapanda. Beringi, breki, tairi na ekseli yenyewe ni zile zile. Bamba jipya limeondoa dalili tu: gari lililozidiwa sasa halionekani limezidiwa.

Tairi nazo zina kikomo chao. Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba kama 112 au 116. Namba 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na hiyo ni pale tairi ikiwa na upepo unaotakiwa. Ukitoa upepo ili gari lisirukeruke kwenye barabara ya mawimbi baada ya Olduvai, uwezo nao unashuka.

Mwisho ni uzito wa ndoano, yaani mzigo ambao mdomo wa tela unaukandamiza kwenye kichwa cha ndoano. Kwa matela ya aina tunayoyaona hapa, uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Matela mengi ya Ulaya yameundwa kwa asilimia ndogo zaidi, kwa hiyo ukiwa nalo fuata kitabu chake. Ukiwa mdogo mno, mzigo mwingi uko nyuma ya ekseli ya tela, na basi likikupita kwenye ile nyoofu ya Boma Ng'ombe tela litaanza kutikisa mkia. Ukiwa mkubwa mno, gari linakaa chini nyuma, mbele linakuwa jepesi, usukani unalegea na taa zinaangaza vilele vya miti.

Mzani wa magari

Hii ndiyo huduma rahisi kupatikana. Viwanda vya kusaga nafaka, maghala, yadi za chuma chakavu na sehemu za kokoto huwa na mzani wa magari, na wapo wanaokubali kupima gari la mtu wa nje kwa malipo. Unaingia juu, karani anasubiri namba itulie, printa inatoa tiketi. Kazi yote haifiki nusu saa kama hakuna foleni. Msimu wa mavuno nenda asubuhi na mapema, maana dereva wa lori la tani 30 hatakuelewa ukianza kufungua tela katikati ya njia yake.

Kabla ya kulipa, tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni stika ya Wakala wa Vipimo yenye mwaka wa sasa. Cha pili ni sifuri: mzani ukiwa mtupu, skrini isome 0. Ikisoma 40 au ikicheza cheza, mwambie karani airudishe sifuri mbele yako. Cha tatu ni pengo kati ya jukwaa na zege linalolizunguka. Kokoto au tope lililokauka likiziba pengo hilo, jukwaa linashikiliwa ubavuni na sehemu ya mzigo wako haifiki kwenye mzani. Hili hutokea sana baada ya mvua za masika, na karani aliyezoea kupima tani 30 hawezi kuliona kwa macho, kwa sababu kwake kilo 60 si kitu.

Halafu soma kibati cha mzani chenyewe. Kina herufi tatu muhimu: Max, Min na e. Mzani wa tani 60 mara nyingi utakuta umeandikwa Max 60 t, Min 400 kg, e = 20 kg. Maana yake ni kwamba mzani unahesabu kwa hatua za kilo 20, na mzigo ulio chini ya kilo 400 hautakiwi kupimwa hapo kabisa. Kwa viwango vya kimataifa vya mizani ya aina hii, kipimo kilicho chini ya tani 10 kinaweza kukosea kilo 20 juu au chini ukiwa kazini, na mzani bado ukahesabika mzima. Kwa lori hakuna shida. Kwa tela, subiri uone.

Upimaji wenyewe una vipimo vitano. Gari na tela vikiwa vimeungana, panda na tairi za mbele za gari peke yake, zima injini, soma. Sogea hadi ekseli zote mbili za gari ziwe juu na tairi za tela ziwe bado nje, soma. Sogea tena hadi kila kitu kiwe juu, soma. Toka, fungua tela pembeni, rudi na gari bila tela: mbele peke yake, kisha gari zima. Mafuta yasibadilike katikati, na dereva akiwemo kwenye kipimo cha kwanza awemo katika vyote. Achia breki kila unaposoma, weka kabari kwenye tairi zilizo nje ya jukwaa, kwa sababu breki iliyoshika huvuta jukwaa upande. Kubaliana bei mwanzoni: wengine hutoza kwa kila tiketi, wengine watakuruhusu usome skrini mara tano na uchukue tiketi moja.

Tuchukue mfano wa gari ambalo kibandiko chake kinasema jumla kilo 3,300, mbele 1,480, nyuma 2,300. Likiwa peke yake na dereva, mbele limesoma 1,340 na jumla 2,960, kwa hiyo nyuma ni 1,620. Likiwa limeungana na tela, mbele limesoma 1,280 na gari zima 3,100, kwa hiyo nyuma ni 1,820. Gari na tela pamoja, 4,160.

Sasa toa na ujumlishe. Tairi za tela zimebeba 4,160 kutoa 3,100, yaani 1,060. Gari limeongezeka kutoka 2,960 hadi 3,100, kwa hiyo ndoano imebeba 140. Tela zima ni 1,060 na 140, yaani kilo 1,200, na ndoano ni karibu asilimia 12. Angalia pia kilichotokea kwa ekseli: ndoano imepokea kilo 140, lakini ekseli ya nyuma imeongezewa 200 na ya mbele imepunguziwa 60. Ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama mtaimbo: inakandamiza nyuma na kuinua mbele. Ndoano ikitokeza zaidi nyuma, mathalani kwa sababu ya bampa la spea tairi mbili, mbele itapoteza zaidi kwa uzito ule ule.

Namba zote ziko ndani ya kibandiko, na watu wengi wangekunja tiketi na kuondoka hapo. Lakini gari lilipimwa na dereva peke yake. Limebakiza kilo 200 kufika 3,300. Pandisha wageni wanne wa kilo 80 kila mmoja na mfuko wa kilo 15 kila mmoja, hizo ni kilo 380, na gari limezidi kwa 180 kabla mpishi hajapanda. Ndiyo maana kipimo cha maana ni kile chenye watu ndani, matenki yakiwa yamejaa na masanduku yakiwa na vyakula. Ukishindwa kuwaleta watu, waongeze kwa hesabu. Kumbuka dizeli ni kama kilo 0.84 kwa lita, kwa hiyo lita 130 ni karibu kilo 110. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 bila dumu lenyewe. Na mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30, kwa sababu ile 15 ni gesi peke yake na chuma hakikuhesabiwa.

Shida ya mzani wa magari ni ile 140. Imepatikana kwa kutoa kipimo kimoja kwenye kingine, na kila kimoja kinaruhusiwa kukosea kilo 20. Vikikosea kwa pande tofauti, ndoano inaweza kuwa 100 kweli, au 180. Kwa tela la kilo 1,200, hiyo ni kutoka asilimia 8 hadi 15: kutoka tela litakalotikisa mkia hadi tela lililofika mwisho wa kiwango. Mara nyingi makosa mawili ya mzani mmoja hufutana, ila tiketi haikuambii kama leo yamefutana au yamejumlishana. Kuna pia suala la mteremko. Mizani mingi imeinuliwa na ina ngazi ya zege ya kupandia. Gari likiwa juu na tela likiwa bado kwenye ngazi, tela limeinama nyuma, na uzito wa ndoano si ule wa barabara tambarare. Mzani uliolala sawa na ardhi, wenye lami au zege tambarare kabla na baada, ni bora zaidi hata kama uko mbali.

Kwa ekseli na jumla tunaupa mzani wa magari nyota nne kati ya tano. Kwa ndoano, moja.

Usiuchanganye na mizani ya barabarani ya TANROADS, kama ile ya Makuyuni au ya Njiapanda upande wa Himo. Kazi yake ni kulinda barabara. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ekseli ya usukani yenye tairi mbili inaruhusiwa tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, na gari zima tani 56. Gari lako linaweza kuvunjika springi zote na kupita pale bila neno. Wakikuita ingia, wakikuruhusu endelea, lakini kupita pale hakujasema chochote kuhusu ndoano yako.

Pedi za tairi

Hizi ni sahani nyembamba zenye vihisi ndani, moja chini ya kila tairi, na zinaonyesha namba kwenye skrini ya mkononi. Wanaozitumia sana ni mafundi wa magari ya mashindano. Faida yake kubwa ni moja, na mzani wa magari hauna: zinaonyesha kushoto na kulia. Tela la kambi huwa na friji, betri na jiko upande mmoja kwa sababu ndiko linakofungukia. Upande mmoja ukisoma 590 na wa pili 470, jumla ni ile ile 1,060 na mzani wa magari utasema kila kitu shwari, lakini tairi ya upande wa 590 ndiyo itakayopasuka na springi ya upande huo ndiyo itakayokatika. Kwa tela la ukubwa huu tunapenda tofauti isizidi kilo 50. Kuhamisha betri moja ya kilo 30 kutoka ubavu mmoja hadi wa pili kunaweza kuondoa hadi karibu nusu ya tofauti hiyo.

Pedi zina mtego ambao hata mafundi huusahau. Pedi ina unene wa sentimita kadhaa. Ukiweka pedi mbili tu chini ya ekseli moja ya tela la ekseli mbili, ekseli hiyo imeinuliwa na itabeba zaidi ya haki yake, na ile nyingine nayo itasoma zaidi ya haki yake utakapohamishia pedi huko. Ukijumlisha vipimo viwili hivyo unapata uzito ambao tela halina. Dawa ni mbao za unene ule ule chini ya tairi zote zisizo na pedi, ili kila kitu kibaki usawa mmoja. Fundi akianza kupima bila mbao, mwulize zilipo. Sakafu nayo iwe ya zege; kwenye udongo pedi inainama na kusoma pungufu. Kwa matela ya ekseli moja mtego huu ni mdogo, na pedi zinafaa sana. Tatizo ni kuzipata, na kuzinunua kwa ajili ya tela moja ni kuua mbu kwa nyundo. Kampuni yenye magari kumi na matela sita ifikirie. Mtu binafsi atafute wa kumkodisha.

Mzani wa magunia

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, kwa sababu hakuna anayeufikiria. Mzani wa jukwaa wa kilo 300, ule wanaopimia mahindi Kilombero na Mbuyuni au kahawa kwenye vyama vya msingi, unasoma kwa hatua ndogo sana ukilinganisha na kilo 20: gramu 50 au 100 ni jambo la kawaida. Una stika ya Wakala wa Vipimo. Unabebwa na watu wawili. Na uzito wa ndoano wa karibu tela lolote la kambi uko ndani ya kilo 300. Kwa kazi hii moja unaushinda mzani wa magari wa mamilioni kwa mbali.

Utahitaji mzani, ubao mnene wa kuuweka juu yake, kipande cha boriti ya inchi nne kwa nne, jeki, kabari nne, pimamaji na futi. Gari likiwa limebeba kila kitu na tela likiwa bado limefungwa kwenye tambarare, pima urefu kutoka chini hadi katikati ya kichwa cha ndoano. Tuseme ni sentimita 48. Huo ndio urefu ambao mdomo wa tela utakuwa nao utakapokuwa juu ya mzani. Tela likipimwa likiwa limeinua pua au limeiinamisha, maji kwenye tenki na mzigo wote vinahama, na namba nayo inahama.

Weka kabari mbele na nyuma ya tairi zote mbili za tela, ukiacha upenyo wa kidole. Fungua tela, sogeza gari, inua mdomo kwa kigurudumu cha mbele. Ingiza mzani chini, weka sifuri ukiwa na ubao na boriti juu yake, kisha shusha mdomo taratibu ukae juu ya boriti. Boriti uikate urefu ambao, ukijumlishwa na mzani na ubao, unafika zile 48. Shusha hadi kigurudumu cha mbele kinaning'inia hewani kabisa. Hapo achia hendibreki ya tela, maana ikiwa imeshika, tairi haziwezi kuzunguka hata kidogo na mdomo unasukuma mzani upande badala ya kuukandamiza chini. Kipande kifupi cha bomba la chuma kilicholala kati ya boriti na mdomo kinasaidia kuondoa msukumo huo. Tikisa tela kidogo, subiri, soma. Rudia mara tatu. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa zaidi ya kilo 3 au 4, kuna kitu kinagusa mahali.

Kosa ambalo mafundi wengi hulifanya ni kuweka mzani chini ya kigurudumu cha mbele kwa sababu ni rahisi. Kigurudumu hicho kiko karibu zaidi na ekseli ya tela kuliko mdomo, kwa hiyo kinabeba zaidi. Ikiwa kutoka ekseli hadi mdomo ni mita 3.0 na hadi kigurudumu ni mita 2.6, uzito wa kweli wa 128 utasomeka 148. Mwenye tela anaondoka akijua ana asilimia 12 na ushei, kumbe ana 10 na ushei. Kama huna njia nyingine, pima hivyo, kisha zidisha namba kwa 2.6 na ugawe kwa 3.0.

Ukikosa mzani wa magunia, mizani ya kupimia watu nyumbani inaweza kusaidia kwa ubao mrefu. Laza ubao imara, upande mmoja ukae juu ya tofali lenye bomba, upande wa pili juu ya mizani yenye bomba vilevile. Gawanya umbali kati ya mabomba mawili sehemu tatu sawa, na ushushe mdomo wa tela kwenye alama ya sehemu ya kwanza kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja. Zidisha kwa tatu baada ya kutoa uzito wa ubao. Kila kosa la kilo 2 kwenye mizani linakuwa kosa la kilo 6, lakini hata hivyo ni afadhali kuliko zile 40 za mzani wa magari. Mizani ya kuning'iniza kwenye chenbloku ya gereji nayo inafanya kazi vizuri, mradi hakuna mtu anayeingia mguu chini ya mdomo.

Nyota tano kwa ndoano. Kwa mengine yote haufai, wala haukuundwa kwa hayo.

Ukishapata namba isiyopendeza

Kuirekebisha ni hesabu ya darasa la saba. Zidisha kilo unazohamisha kwa mita ulizozihamisha, gawanya kwa umbali wa kutoka mdomo hadi ekseli ya tela. Madumu mawili ya maji, kilo 40, yakitoka mita 1 nyuma ya ekseli na kwenda mita 1 mbele yake, yamehama mita 2: 40 mara 2 ni 80, gawanya kwa 3, ndoano imeongezeka kama kilo 27. Anza na vitu vizito vinavyohamishika: madumu, mtungi wa gesi, spea tairi, sanduku la vyuma. Usihamishe mzigo kutoka kwenye tela kwenda kwenye keria ya paa. Umepunguza tela na kulipandisha gari uzito juu, ukiwa unaelekea kona za Ngorongoro.

Kuna fimbo za springi, maarufu Marekani, zinazorudisha uzito mbele ya gari kwa nguvu. Kwenye lami zinafanya kazi. Kwenye barabara ya mawimbi na mashimo zinashindana na ndoano muda wote, na si kitu tunachopendekeza kwa safari za mbugani. Punguza mzigo.

Halafu pima mara ya pili, matenki yakiwa matupu. Hii ndiyo hatua inayorukwa. Tenki la lita 120 lililoko sentimita 90 mbele ya ekseli likiisha maji, ndoano inapoteza 120 mara 0.9 gawanya kwa 3, yaani kilo 36. Tela letu la mfano, lililosoma 128 kwenye mzani wa magunia, linarudi na kilo 92 kwenye ndoano na uzito wa 1,080: asilimia 8.5. Ongeza takataka za kambi zilizofungwa kwenye turubai nyuma kabisa, kwa sababu hakuna anayetaka harufu karibu na gari, na inashuka tena. Ndiyo maana tela lililotulia kwenda linaanza kuyumba siku ya kurudi, kwenye lami nzuri kabisa kati ya Makuyuni na Kisongo, dereva akiwa amechoka na anakimbilia nyumbani. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki za gari wala usiongeze mwendo. Kama tela lina breki za umeme zenye swichi yake, gusa hizo peke yake.

Dawa ya safari ya kurudi ni kuchagua mapema kitu kimoja cha kilo 30 au 40 kitakachohamia mbele tenki likiisha, na kukiandalia mkanda na mahali pake. Mtungi wa gesi unafaa, au friji kama ina reli. Ukishapata namba zote, ziandike kwa rangi kwenye mkono wa tela: jumla likijaa, ndoano likijaa, ndoano likiwa tupu, urefu wa kichwa cha ndoano, na upepo wa tairi. Dereva atakayelichukua mwezi ujao si lazima awe wewe.